Bwana Shamba Kaingia Kwenye Spika

Mama Mkwe: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Fundi: Shikamoo, mama.

Mama Mkwe: Marahaba. Nani wewe?

Fundi: Mimi... mkweo.

Mama Mkwe: Mkwe yupi? Nimeozesha mabinti watatu, baba. Jitambulishe vizuri.

Fundi: Wa huyu wa mwisho. Fundi wa spika.

Mama Mkwe: Wewe? Umenipigia wewe mwenyewe, kwa mkono wako?

Fundi: Ndiyo, mama.

Mama Mkwe: Kafa nani?

Fundi: Hapana, mama, hakuna aliye—

Mama Mkwe: Nipe mwanangu.

Fundi: Mwanao yuko kazini, ana zamu ya mchana. Mzima kabisa. Nilitaka tu kukusalimu, nijue mmeamkaje hapo kwa mama mdogo—

Mama Mkwe: Kunisalimu. Muda wote niliokaa kwenu, salamu yako ilikuwa shikamoo ya mlangoni, halafu unapita kwa kunyata kama mtu aliyeiba kuku. Leo unanipigia mchana kweupe unisalimu. Sema, mkwe. Mficha uchi hazai.

Fundi: Mama mdogo hajambo?

Mama Mkwe: Mdogo wangu yuko hapa anaangalia tamthilia yake, hata nyumba ikiungua hatanyanyuka. Usinizungushe.

Fundi: Ni Bwana Shamba, mama.

Mama Mkwe: Sungura wangu kafanya nini?

Fundi: Hajafanya kitu. Yuko hai. Mpaka sasa hivi yuko hai.

Mama Mkwe: Mpaka sasa hivi ndiyo nini? Mpaka sasa hivi ndiyo lugha gani hiyo?

Fundi: Ameingia kwenye spika. Hataki kutoka.

(mtandao unakwaruza)

Mama Mkwe: —kwenye nini? Rudia, umekatika.

Fundi: Spika, mama. Ile kubwa ya mteja. Ya kwenye maharusi.

Mama Mkwe: Kwenye spika kunaingilika?

Fundi: Nilishaitoa spika yenyewe, nilikuwa nambadilishia. Limebaki boksi, na mbele lina tundu kubwa la kukaa besi. Ndimo alimojitosa. Amejikunja kule kona ya nyuma, namwona kwa tochi.

Mama Mkwe: Zima tochi.

Fundi: Nizime?

Mama Mkwe: Zima. Kiumbe kimejificha, wewe unakimulika usoni kama polisi. Na hiyo spika imefikaje kwa sungura? Sungura anakaa sebuleni. Spika zinakaa karakana.

Fundi: Nilizileta sebuleni nizijaribie, mama. Karakana ni ndogo, sauti inajigonga. Na kwa kuwa sasa hivi sebuleni hakuna mtu—

Mama Mkwe: Ndiyo. Nafasi imepatikana.

Fundi: Sikumaanisha hivyo, mama.

Mama Mkwe: Kwani nimesema umemaanisha? Endelea. Ukapiga muziki, sungura akaogopa.

Fundi: Hapo ndipo ninaposhangaa. Muziki mkubwa sikupiga. Nilifanya kwa adabu. Nilipunguza sauti zote nyembamba, nikaacha besi peke yake, tena chini chini. Ukisimama nje husikii kitu. Nikaweka kiganja juu ya ile spika ya pili, iliyo nzima, niisikilizie kwa mkono, ndivyo tunavyofanya. Majirani hawakujua. Nikasema na sungura hatajua.

Mama Mkwe: Ikawa inalia vipi?

Fundi: Dum. Halafu kimya kidogo. Halafu dum.

Mama Mkwe: Dum kwa muda gani?

Fundi: Mpaka nikamaliza chai.

Mama Mkwe: Mungu wangu. Mkwe, umewahi kumwona Bwana Shamba akipiga mguu wa nyuma sakafuni? Siku ile paka mweusi alipokaa dirishani?

Fundi: Mwanao aliwahi kunisimulia.

Mama Mkwe: Akusimulie nini, na wewe ulikuwa unaishi humo humo. Haya sikiliza. Sungura hana mdomo wa kupiga kelele. Akiona hatari anapiga mguu chini, dum, ili wenzake walioko shimoni wasikie kwa tumbo. Maana yake: adui kaingia, jifiche. Sasa wewe umekaa na kikombe chako cha chai unampigia king'ora. Dum, adui. Dum, adui. Na kila akitazama haoni adui, anakuona wewe unakunywa chai.

Fundi: Aisee.

Mama Mkwe: Ndiyo aisee.

Fundi: Na mimi nikadhani namstahi.

Mama Mkwe: Kelele zako za kawaida alishazizoea. Ukigonga nyundo analala. Ukiyeyusha risasi yako ya kuunganishia nyaya, ile yenye harufu, analala. Kinachomtisha ni kitu kinachopita chini chini asijue kinatoka wapi. Hata mtu ni hivyo hivyo. Umemgusa?

Fundi: Kidogo.

Mama Mkwe: Kidogo vipi?

Fundi: Niliingiza mkono nimvute.

Mama Mkwe: Ulimvuta wapi? Usiniambie masikio.

Fundi: Si masikio, mama. Nilimfikia mgongoni tu. Akalia.

Mama Mkwe: Akalia?

Fundi: Kama mtoto mchanga. Sikujua sungura ana sauti. Nilitoa mkono nikakimbilia jikoni. Ndipo nikatafuta namba yako kwenye ile simu ya zamani ya mwanao.

Mama Mkwe: Nimefuga sungura tangu nikiwa msichana. Hiyo sauti nimeisikia mara moja tu, na aliyekuwa amemshika alikuwa mbwa.

Fundi: Nisamehe, mama.

Mama Mkwe: Si wakati wa samahani. Amekula?

Fundi: Nimemwekea majani ya karoti hapa kwenye tundu. Hata pua hajayaelekezea.

Mama Mkwe: Masikio?

Fundi: Yamelala yote mgongoni.

Mama Mkwe: Na macho yametoka, weupe unaonekana.

Fundi: Ulijuaje?

Mama Mkwe: Anapumuaje?

Fundi: Harakaharaka, mbavu zinacheza. Mama, niambie ukweli. Ni hatari?

Mama Mkwe: Sungura akigoma kula, tumbo lake linasimama, chakula hakitembei.

Fundi: Likisimama?

Mama Mkwe: Usiniulize likisimama. Tutalisukuma. Hofu ikimwisha atakula, akila kapona. Lakini hofu haivutwi kwa mkono, umeshaona mwenyewe.

Fundi: Mama, huyu sungura akifa mikononi mwangu, wewe—

Mama Mkwe: Hafi.

Fundi: Akifa, wewe hapa hutakanyaga tena. Najua. Mwanao atanitazama kila siku na ataninyamazia, na kunyamaza kwake unakujua.

Mama Mkwe: Nimesema hafi. Umeme umezima?

Fundi: Bado. Taa ya mashine inawaka.

Mama Mkwe: Chomoa. Yote. Hata usiposikia kitu, yeye anasikia. Umechomoa?

Fundi: Nachomoa... tayari.

Mama Mkwe: Funga pazia nusu. Si lote, asidhani ni usiku. Umevaa viatu gani?

Fundi: Buti za kazi.

Mama Mkwe: Vua. Unatembea dum dum halafu unashangaa.

Fundi: Nimevua. Mama, kuna harufu kidogo ya soksi.

Mama Mkwe: Hiyo anaijua, haitamuua. Sasa nenda chumbani kwangu. Kwenye kile chumba, nasema. Chukua nguo yangu yoyote, sweta au gauni la kulalia, uiweke karibu na lile tundu. Asikie harufu yangu.

Fundi: Naenda... (hatua, mlango) Mama.

Mama Mkwe: Fungua kabati, upande wa kushoto.

Fundi: Kabati ni tupu, mama. Hata zile hanga huku juu, zimebaki peke yake. Ulituambia unakwenda siku mbili tatu kumsalimia mama mdogo.

Mama Mkwe: Nilibeba za kufua.

Fundi: Zote?

Mama Mkwe: Mtu mzima anachafua nguo, baba. Angalia kitandani. Kuna mto?

Fundi: Upo.

Mama Mkwe: Vua foronya, ukaiweke pale.

Fundi: Mwanao alikataa kuifua. Mashuka alifua, hii akaiacha.

(mtandao unakwaruza)

Mama Mkwe: Sikusikia. Umeiweka?

Fundi: Naiweka... iko hapo, pembeni ya majani. Mama, kwa nini nisiweke sauti ya nje ya simu, wewe uongee naye mwenyewe? Mimi ni fundi, naweza kukuunganisha sauti nzuri kabisa, ya taratibu—

Mama Mkwe: Usithubutu. Asikie sauti yangu anitafute chumba kizima asinione? Atadhani nimefia humo ndani ya boksi. Na spika kwa leo zimetosha.

Fundi: Kweli, mama.

Mama Mkwe: Wa kumtuliza ni wewe. Uliyemtisha ndiye utakayemtuliza, vinginevyo atakuogopa maisha yake yote. Lala chini.

Fundi: Nilale?

Mama Mkwe: Sakafuni, kifudifudi. Kiumbe kidogo kikikutazama kutoka chini kinakuona mlima. Jifanye kilima.

Fundi: Mama, nina tumbo.

Mama Mkwe: Nalijua tumbo lako, nimeliona likipita mlangoni. Lala.

Fundi: (anaguna) Tayari. Sakafu ina baridi. Mtandao huku chini hauji vizuri, unanisikia?

Mama Mkwe: Nusu nusu. Usimtazame machoni. Geuza uso kando, shavu chini.

Fundi: Namtazama nani sasa?

Mama Mkwe: Tazama miguu ya kochi.

Fundi: Huku chini ya kochi kuna vumbi la mwaka juzi.

Mama Mkwe: Utafagia baadaye. Sasa zungumza naye.

Fundi: Nizungumze na sungura?

Mama Mkwe: Kwa sauti yako ya chini, ya kawaida. Asikie kwamba uliyelala hapo ni mtu wa nyumbani, si adui.

Fundi: Nimwambie nini?

Mama Mkwe: Mimi hukaa naye namwambia habari za humo ndani. Nani kaja, nani kakasirika, nini kimeungua jikoni. Mwambie chochote. Mimi hata sipo.

Fundi: Haya. (anakohoa) Bwana Shamba. Habari za saa hizi.

Mama Mkwe: Usimhutubie. Si mkutano.

Fundi: Bwana Shamba, bwana. Pole. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga, si adui. Nilikuwa natafuta mkwaruzo kwenye besi ya watu. Basi, nimechomoa. Yamekwisha.

Mama Mkwe: Vizuri. Usikatishe.

Fundi: Habari za humu ndani ni kwamba... humu ndani hakuna habari. Mwenzangu akitoka kazini anapakua sahani tatu. Namwambia tuko wawili. Anasema, nimesahau. Kesho yake anasahau tena. Ile ya tatu anaifunika, asubuhi naila mimi. Ndiyo maana tumbo hili linazidi, Bwana Shamba, usinicheke.

(kimya)

Fundi: Mama, bado upo?

Mama Mkwe: Nimekwambia sipo. Endelea. Anasikiliza.

Fundi: Anasikiliza kweli?

Mama Mkwe: Anasikiliza sana.

Fundi: Basi, Bwana Shamba, mimi baba yangu alinifundisha kwamba mama mkwe ni moto. Unauota ukiwa mbali, hukai juu yake. Baba hakuwahi kula meza moja na mama mkwe wake hata siku moja, na watu walimsifu kwa adabu. Kwa hiyo huyu mama wa mwenzangu alipokuja kukaa na sisi, nikasema hapa nitaonyesha adabu kuliko baba. Nikahamishia sahani yangu karakana. Nilikuwa nakula juu ya boksi la bisibisi. Mvua inanyesha, mimi nakula na spika za watu. Nikasema mama apate sebule yake, asikutane na mwanaume kanyoosha miguu mbele yake. Redio nikaacha kuifungua asubuhi. Nikajifunza kufunga mlango bila kitasa kulia. Nilidhani nampa heshima, Bwana Shamba. Wallahi nilidhani ndiyo heshima.

(mtandao unakwaruza)

Mama Mkwe: Mwambie na hili.

Fundi: Nani, mama?

Mama Mkwe: Sungura. Mwambie kwamba huyo mama naye alikuwa na masikio. Alikuwa akimsikia mkwewe nje anacheka na wateja mpaka anapiga makofi. Akiingia ndani kicheko anakiacha mlangoni pamoja na viatu.

Fundi: Bwana Shamba, unaambiwa—

Mama Mkwe: Ngoja, sijamaliza. Mwambie huyo mama alikuwa akikaa kwenye kochi la watu, anamtazama mwanaume mzima anabeba sahani yake anatoka nayo nje kwenye mvua. Akajiuliza, hivi mimi nimemfukuza mtu kwenye nyumba yake? Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu ilipita, ya thelathini ikapita, jembe hajaliona. Hata kikombe haruhusiwi kuosha. Basi akajua kwamba bado ni mgeni, na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji alikuwa haponi. Akaondoka zake ili mkwewe apate kucheka ndani.

Fundi: Mama...

Mama Mkwe: Zungumza na sungura.

Fundi: Bwana Shamba. Mimi ni mjinga.

Mama Mkwe: Usimwambie hivyo, atakudharau. Masikio yakoje?

Fundi: Nageuka kidogo... Moja limesimama.

Mama Mkwe: Limesimama wima au limeinama?

Fundi: Limeinama kwangu. La pili bado.

Mama Mkwe: La pili litafuata. Sungura anakuwa na imani kwa sikio moja kwanza. Geuka tena kwenye kochi lako.

Fundi: Mama, nasikia kitu. Kr, kr, kr.

Mama Mkwe: Meno?

Fundi: Hapana... anatafuna ile pamba ya ndani ya boksi.

Mama Mkwe: Pamba inaliwa?

Fundi: Haipaswi. Anaitema. Ametema tena. Boksi la mteja, Mungu nisaidie.

Mama Mkwe: Mwache ateme. Mwenye hofu hana nafasi ya uharibifu. Akianza kuharibu, ujue moyo umerudi.

Fundi: Amesogea. Mama, amesogea—

Mama Mkwe: Shh. Usinyanyuke.

Fundi: (kwa kunong'ona) Ametoa pua. Pua inacheza. Ameikanyaga foronya. Amekaa juu yake.

Mama Mkwe: Ndiyo. Ndiyo, mwanangu.

Fundi: Mimi au yeye?

Mama Mkwe: Wote wawili, nyamazeni.

Fundi: Anakuja huku. Mama, anakuja usoni. Nifanyeje?

Mama Mkwe: Usifanye kitu. Pumua.

Fundi: Ananinusa masikio. Anatekenya. Ana sharubu, mama, mimi nina mtekenyo—

Mama Mkwe: Usicheke.

Fundi: Sicheki.

Mama Mkwe: Unacheka.

Fundi: Ni tumbo linacheka lenyewe, mama, mimi nimefunga mdomo. (anacheka) Sasa... sasa ananifuta kwa kidevu chake kwenye paji la uso. Anafuta, anarudia. Hii ni nini? Ananipiga?

Mama Mkwe: Hivyo ndivyo wanavyoweka alama kwenye vitu vyao. Amekuandika jina. Kuanzia leo wewe ni mali yake.

Fundi: (anacheka) Mimi mali ya Bwana Shamba.

Mama Mkwe: Na sasa hivi hukuogopa kucheka. Nimekusikia vizuri kabisa. Kumbe hata sebuleni kunachekeka.

Fundi: Samahani, mama.

Mama Mkwe: Ukiniomba samahani kwa kucheka nitakata simu.

Fundi: Sikuombi. Mama, ameyaona majani.

Mama Mkwe: Niambie.

Fundi: Ananusa. Ameacha. Amerudi. Ameuma... ameuma moja. Linaingia kama karatasi kwenye mashine. Anakula, mama.

Mama Mkwe: Anatafuna au anashika tu mdomoni?

Fundi: Anatafuna. Sikiliza, nasogeza simu.

(sauti ya kutafuna)

Mama Mkwe: Huyo ndiye. Huyo ndiye wangu. Ahsante Mungu. Tumbo linatembea.

Fundi: Ameongeza la pili. Mama, nalia.

Mama Mkwe: Mwanaume na tumbo lako unalia chini ya kochi.

Fundi: Ndiyo.

Mama Mkwe: Basi lia taratibu, usimwogopeshe tena. Mimi mwenyewe mdogo wangu ananitazama, kasahau tamthilia. Anauliza kuna msiba. Nimemwambia ni vitunguu.

Fundi: Mnapika?

Mama Mkwe: Hatupiki.

(mtandao unakwaruza. Mlio mfupi kwenye simu)

Fundi: Mama, hilo ni salio linanionya. Lina dakika ngapi sijui. Kuna jambo nataka—

Mama Mkwe: Sema haraka.

Fundi: Nataka kuuliza... Mama, ningependa...

Mama Mkwe: Salio linaisha, wewe unatafuta maneno. Kama mimi huniwezi, mwambie mwenye masikio.

Fundi: Haya. Bwana Shamba, sikiliza. Kesho mimi nakula mezani. Nikiwa na soksi zangu na tumbo langu, kwenye kochi nanyoosha miguu, atakayeona aone. Redio asubuhi nafungua. Jembe la humu ndani ni kubwa, vyombo vya jioni mimi na mwenzangu tunavikimbia wote wawili, mtu akitaka kutusaidia hatutamzuia. Wewe huwezi kulelewa na mtu kama mimi, bwana. Umeona leo. Namtaka bibi yako arudi. Si kwa ajili yako tu. Mimi ninamtaka. Nyumba imekuwa kubwa, mwenzangu anahesabu sahani vibaya, na mimi nimechoka kula mara mbili. Mwulize kama atakubali. Mimi naogopa kumwuliza.

(kimya)

Fundi: Mama, upo? Haloo? Amesema hataki?

Mama Mkwe: Ngoja kwanza, sizungumzi na wewe. Mdogo wangu, hebu punguza hiyo televisheni. Nakuuliza, gari la kwetu la asubuhi linapita saa ngapi hapo barabarani?

(sauti ya mwanamke kwa mbali)

Mama Mkwe: Kwetu wapi tena, kwani nina kwetu kungapi? Kwetu, kwa mkwe wangu.

(mlio mfupi kwenye simu)

Fundi: Bwana Shamba, umesikia? Amesema kwetu.

Mama Mkwe: Ndiyo, nimesema. Na wewe inuka sakafuni, baba, utapata kichomi. Msalimie mwanangu, mwambie zile sahani zake tatu—

(simu inakatika)